Tangi Limerudi Kwangu, Baba

Kwako Baba,

Tangi la pikipiki yako liko hapa mezani pangu, katikati ya sketi na kaptula za shule ninazotakiwa kumaliza kabla shule hazijafunguliwa. Musyoka alilileta Jumatatu, amelifunga kwa gunia. Limeoza ndani. Ukilimulika na tochi unaona kutu imelala chini kama ukoko wa ugali.

Mwaka mzima tangu tukuzike sijakuandikia. Wengine huandikia marehemu wao wakalia. Mimi kila nikishika kalamu nilikuwa nakasirika, nikaiweka chini. Sasa Jumamosi hii tunakuwekea msalaba kule nyumbani Makueni, na Musyoka anataka pikipiki iwe pale, imeng'arishwa, isimame kando ya kaburi pasta akiomba. Haiwaki. Ndiyo maana amekumbuka kwamba ana dada.

Unakumbuka tulivyoipata? Ulikuwa umestaafu kule kiwanda cha simiti miezi mitatu tu, na ulikuwa unamsumbua Mama, unahamisha viti, unamkagulia sufuria. Mama akaniambia, "Haki mtafutie huyu mzee kazi kabla sijamfukuza." Kisha mtu akakuambia kuna pikipiki ya zamani kule Kisaju, ya marehemu daktari wa mifugo, mjane wake anataka iondoke kwa boma. Ukanipigia simu mimi. Si Musyoka. Mimi.

Tulimpata yule mama amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba. Alisema tumwite Koko, nyanya, kama wajukuu wake. Alinisalimia kwa Kimaasai, "Takwenya," nikaitikia, "Iko," akafurahi kwamba Mkamba anajua kuitikia. Pikipiki ilikuwa nyuma ya banda la mbuzi. Kuku walikuwa wameilalia miaka mingi, kiti hakionekani kwa mavi. Nyaya zilikuwa zimetafunwa na panya, na ndani ya bomba la moshi nyigu walikuwa wamejenga. Mimi niliona chuma chakavu. Wewe ulipiga magoti pale kwenye samadi na suruali yako ya kanisani, ukaisukuma kiki pole pole kwa mkono, ukasikiliza. "Mwaitu," ukaniambia, "hii bado iko na pumzi."

Mwaitu. Watu watakaosoma barua hii wajue ni nini. Nilipewa jina la mama yako, na kwetu Ukambani baba hamwiti binti kama huyo kwa jina. Anamwita mwaitu, yaani mama yangu. Nilikuwa nimefika miaka arobaini na mbili, niko na watoto wangu, na bado ukiniita hivyo nilikuwa naacha chochote nilichoshika nakuja.

Koko alituuzia kwa bei ya kutupa. Sharti lake lilikuwa moja. "Mzee wangu akitoka kazi nilikuwa naisikia ikiwa bado mbali, naweka chai. Mkiiamsha, mje nayo niisikie." Ukamshika mkono, ukamwambia, "Tutakuja, mimi na huyu msichana." Nilikuwa hapo. Nilisikia.

Wacha niseme ukweli wote, usije ukafikiri nimeketi hapa kukutukana tu. Ile miezi tuliyoitengeneza ndiyo nilikupenda kuliko wakati mwingine wowote. Kila Jumamosi nilikuwa nafunga cherehani mapema, nakuja nyuma ya nyumba yenu. Unapasua mfuko wa simiti, unautandaza chini, na kila nati tunayofungua unaichorea duara na penseli pale inapotakiwa, ndipo unailaza juu ya duara lake. Miaka yako ya kiwandani ilikufunza usiamini kichwa chako. Hatukupoteza hata nati moja. "Mwaitu, kumi na mbili," unasema bila kugeuka, na spana namba kumi na mbili inakupata mkononi.

Kabureta uliniachia mimi. Ulitaka kuizibua na sindano nikakukataza, sindano inapanua tundu, nikatumia uzi wa nailoni. Ulinitazama nikiupitisha, ukacheka, ukasema, "Kumbe nilizaa fundi nikampeleka kwa cherehani." Neno hilo nililibeba wiki mbili. Nilikuwa nashona nikitabasamu peke yangu mpaka wateja wakaniuliza kuna nini.

Tangi ndilo lilitushinda. Tukalipeleka Kajiado, kwa yule fundi mzee aliyekuwa akitengeneza pikipiki za serikali zamani. Alilichungulia, akasema, "Tieni siki na kokoto, mtikise mpaka kutu yote itoke. Lakini kusuuza, msitumie hayo maji yenu ya Kitengela. Hiyo ya kisima cha borehole iko na chumvi, itakula hii kitu yote. Tumieni ya mvua peke yake, halafu mkaushe vizuri, mpake oili." Ukaitikia kwa kichwa, ukamwambia umesikia. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwako, Baba. Tulisikia sisi wawili.

Na ni nani anayeishi huku asiyejua haya maji? Birika la Mama lina magamba meupe ndani. Chai haikolei hata uweke majani ya mtaa mzima. Sabuni unaimaliza kipande kizima hujaona povu. Fundi wa Kajiado hakutuambia jipya.

Ilikuwa kiangazi. Tulitikisa siki na kokoto siku kumi, mikono ikatuuma, na tangi likatoka jeupe ndani. Nikakuambia tungoje, nitaomba maji ya mvua kwa tangi la kanisa Jumapili. Alhamisi nikaenda kupeleka yunifomu, na niliporudi nikakuta tangi limeinikwa kwenye ua, linadondoka. Nikakuuliza umesuuza na nini. "Maji ni maji, mwaitu. Musyoka anakuja wiki ijayo na wakwe zake. Nataka wapate imesimama." Nikakuambia basi angalau ulikaushe vizuri. Ukasema sawa, sawa. Kesho yake nikakuta umeshalifunga na kutia petroli.

Siku hiyo walipokuja, uwanja ulikuwa umefagiwa na mbuzi ameiva. Ulikanyaga kiki mara tatu, ikawaka, wakwe wakapiga makofi. Ulifika nayo kwa geti ikazimika. Ukakanyaga tena na tena hadi shati likakushika mgongoni. Musyoka akaja na viatu vyake vya kung'aa, akafungua tangi, akatia kidole, kikatoka chekundu. Akauliza, "Nani aliosha hii tangi?"

Nilikuwa nimeshika birika nanawisha wageni mikono. Uliwaangalia wakwe. Kisha ukaniangalia mimi, ukasema, "Ni huyu. Maji hayakuwa na shida. Nilimwambia akaushe vizuri, hakusikia."

Hata maneno yangu uliyachukua, ukayavaa.

Baba mkwe wa Musyoka akasema wanawake na mashine wapi na wapi, watu wakacheka, na wewe ukacheka nao. Mimi nikaendelea kunawisha. Ningesema nini? Binti anayeitwa mwaitu hamkanushi babake mbele ya wakwe. Wewe ndiye ulinifunza hivyo, na ulijua sitasema. Nimefikiria sana jambo hilo mwaka huu. Kama ningekuwa mtu wa kujibu, usingethubutu.

Baadaye ulinifuata jikoni. Ulisimama mlangoni, kofia mkononi. "Mwaitu, wewe ni mkubwa. Hiyo ni kitu ndogo. Nitawaambia siku nyingine." Na mimi, mjinga, nikakutilia chai.

Nilingoja hiyo siku nyingine. Mvua za Novemba zilipokuja nikakinga maji, nikaanza upya na siki na kokoto, peke yangu safari hii kwa sababu wewe mgongo ulikuwa unakuuma. Nikasuuza na maji ya mvua, nikakausha, nikapaka oili. Ikawaka, na haikuzimika tena. Nilifikiri sasa utasema. Hukusema. Nikafikiri, basi, atasema kwa Koko.

Jumapili ile ya kwenda Kisaju nilivaa suruali na viatu vya kufunga. Nilisimama kwa geti langu kutoka saa nne. Saa nane nikasikia pikipiki ikipita barabara ya juu, mlio ule naujua kuliko sauti za watoto wangu. Ulikuwa umepitia Tuala, kwa Musyoka, kumchukua, na ndiye aliyekuwa anaendesha. Yeye mwenyewe ndiye alinisimulia, bila ubaya wowote, maana hakujua anasema nini. Kwamba Koko aliwasikia wakiwa mbali, wakapata chai tayari, na alilia. Kwamba alimwangalia Musyoka kutoka juu hadi chini, akauliza, "Na msichana ako wapi?" Nawe ukamwambia nimebaki nyumbani, niko na kazi nyingi ya kushona.

Sikuwa nashona, Baba. Nilikuwa kwa geti.

Ukampa Musyoka pikipiki, na mazishini wasifu wako ukasomwa kwamba ulifufua pikipiki kuukuu kwa msaada wa mwanao Musyoka. Nilikuwa nimeketi mstari wa kwanza. Wazee wanasema mwenye kovu usidhani amepoa. Mimi nilikuzika nikiwa bado na kidonda, na ninakukasirikia mpaka leo. Kisha napita dukani naona mfuko mtupu wa simiti, nataka kukupigia simu. Hilo ndilo linanichosha zaidi.

Sasa usikie ya Jumatatu. Musyoka aliweka tangi mezani, nikamuuliza ameliosha na nini. "Na maji ya bomba, hii hii ya borehole. Lakini nilikausha, dada, siku mbili nzima kwa jua. Si mzee alisema shida ilikuwa kukausha?" Alikuwa anajitetea kabisa, kama mtu aliyefuata sheria. Nilicheka, akashangaa. Uongo wako mdogo wa mbele ya wakwe, Baba, ndio umekula tangi lako. Nilimweleza yote, kuanzia kwa fundi wa Kajiado. Nikamwambia nitalitengeneza mara ya tatu, ila Jumamosi nisimame mbele ya watu niseme ni nani aliliosha na ni nani alilitengeneza.

Hakubisha kwamba ni kweli. Aliniuliza tu, "Sasa unataka kumwaibisha mzee akiwa kaburini? Kwa sababu ya maji?"

Nikampigia Mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi. "Mwache mzee apumzike. Wewe ni mkubwa." Mliongea lini mkakubaliana neno hilo, Baba? Miaka yote mimi ndiye mkubwa, na ukubwa wenyewe kazi yake ni kumeza.

Jana mvua ilinyesha Kitengela, ya kwanza tangu Krismasi. Ilianza asubuhi, matope meusi yakashika viatu vya watu, na pipa langu chini ya paa likajaa hadi likamwagika. Haijakatika hata, Musyoka akanitumia ujumbe: "Mvua ndiyo hiyo, dada." Nikatoka na tangi, nikasimama mbele ya pipa. Siki nilikuwa nayo. Kokoto iko hapo nje, jirani anajenga. Mikono yangu inaijua hiyo kazi, na nitakuambia ukweli, ilitaka kuifanya.

Nikaliweka tangi chini. Nikachota maji ya chai kwanza. Ikakolea, rangi yake nilikuwa nimeisahau. Nikanywa vikombe viwili nimekaa. Kisha nikachota ya kufua, nikafua shuka zote na sare za watoto, povu likanifika viwikoni. Yaliyobaki nikaosha nywele zangu. Pipa lilipoisha nikamjibu Musyoka kwamba maji yameisha, nimefua.

Jumamosi nitakuja, Baba. Nitavaa vizuri, nitaimba na wengine, nitashika koleo ikifika zamu yangu. Tangi nitakuja nalo vilevile lilivyo, na nitaliweka chini kando ya msalaba wako. Najua kuna mtu atainama, atatia kidole, kitoke chekundu, aulize ni nani aliosha hili tangi. Nitawaangalia wakwe wa Musyoka, maana watakuwepo. Kisha nitakuangalia wewe, niseme, "Ni huyu."

Tuonane Jumamosi.

Binti yako wa kwanza,
uliyekuwa ukimwita mwaitu