Benchi la Pili Kutoka Getini

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Natumaini huko Puge nanyi hamjambo, na uvunaji wa mpunga unakwenda vizuri.

Leo ilikuwa siku ya wageni shuleni, na baada ya misa tuliruhusiwa kutembelea bustani ya zamani iliyo katikati ya mji wa Tabora. Mwalimu anasema hapa wapagazi wa misafara walitua mizigo kabla ya kuendelea na safari ya Ujiji. Wenzangu wengi walikutana na wazazi wao, wakala maandazi pamoja. Mimi nilikaa peke yangu kwenye benchi, nikaweka mkoba pembeni yangu, kama tunavyoacha ndoo kisimani kumshikia mtu nafasi.

Mama anayefagia bustani akaniuliza, "Mkoba huu unamshikia nani nafasi?"

"Mama yangu. Yuko Puge, anavuna."

Akacheka. "Basi huyo atachelewa."

Niliona aibu, nikataka kuuondoa. Lakini bwana mmoja alipokuja kukaa, yule mama aliinua ufagio akamwambia, "Samahani baba, hapo pana mtu."

Ni benchi la pili kutoka getini. Ukiweza kuja siku ya wageni ijayo, nafasi yako ipo.

Akupendaye sana,
Skola