Ukungu wa Jicho la Mwaitu

Jumamosi, Julai 2007. Baridi ya kukata masikio.

Asubuhi hii ukungu umeshuka kutoka vilima vya Iveti hadi mlangoni pangu hapa Machakos mjini. Nimekaa kwenye cherehani ya marehemu mama yangu, nikajaribu kutia uzi kwenye sindano, nikashindwa. Basi nimekuja kuandika.

Mwaitu, ndivyo tulivyomwita mama kwa Kikamba, alikuwa fundi wa nguo sokoni Masii. Akitia uzi, alifumba jicho la kushoto na kutoa ncha ya ulimi, na uzi ulipita mara moja. Nilipokuwa mdogo nilidhani sindano haikubali bila ulimi.

Kisha jicho hilo la kushoto likawa jekundu. Tukasema ni macho mekundu tu, yale yanayompata kila mtu, akapewa dawa ya matone. Likavimba. Likaanza kujitokeza nje. Mwishowe tukaambiwa kuna uvimbe nyuma yake, huenda ni kansa, na pengine jicho lote lingetolewa.

Sijawahi kuogopa vile.

Kwanza madaktari walikata kipande kidogo cha uvimbe huo wakakipeleka Nairobi kupimwa. Siku ya majibu ilikuwa Julai kama hii, dirisha la wodi limejaa weupe. Daktari alikuja akitabasamu.

"Mama, si kansa. Ni ukungu. Umeingia nyuma ya jicho, na huo ugonjwa wako wa sukari umeupatia nguvu."

Mwaitu akageuka kutazama dirishani. "Ukungu? Sasa daktari, si tungoje tu jua itoke?"

Wodi nzima ilicheka. Daktari ikambidi aeleze kwamba ni ule mwingine, unaoota kwenye mkate uliolala. Mwaitu alinuna hadi jioni. Yeye na usafi wake wote!

Kumbe huo nao haukuwa mchezo. Dawa ya dripu ilimtetemesha mpaka kitanda kikalia. Kila asubuhi, jicho likiwa chini ya bandeji, aliniuliza, "Mwana wakwa, jua imetoka?" Nilijua haulizi habari za angani.

Jicho halikutolewa. Ila halikuona tena.

Siku aliyorudi kwenye cherehani nilisimama kando nikamtazama. Akatoa ulimi. Uzi ukapita.

"Hii nilikuwa naifumba tu," akasema, akigusa kope ya kushoto. "Saa hii imejifumba yenyewe."

Nimemkumbuka sana leo, hata machozi yamenitoka, na siyafichi.

Nimeacha kuandika kidogo, nikarudi kwenye sindano. Nimefumba jicho la kushoto na kutoa ulimi, peke yangu nyumbani kama mwendawazimu. Uzi umepita. Nilipoinua kichwa, vilima vilikuwa vimeanza kuonekana.

Jua imetoka, Mwaitu.