Picha Mbili za Kichwa cha Zaina

Alhamisi. Tangu asubuhi ni manyunyu, na milima ya Uluguru imejifunika wingu mpaka kiunoni. Nikiitazama kutoka hapa Kihonda naiona kama kitu nilichokiota, nikaamka kabla hakijaisha.

Na mimi niko hivyo hivyo leo. Nipo, sipo.

Jana nilimpeleka mwanangu Zaina kupigwa picha ya ubongo, ya pili. Ya kwanza alipigwa mwaka jana, mikono ilipoanza kucheza yenyewe kama ya marehemu baba yake. Baba yake hakuwahi kuonja pombe, lakini kwa mwendo ule watu walimwita mlevi. Hatukujua kuwa ni ugonjwa, wala kwamba mtoto anaweza kuurithi. Daktari alitaka picha mbili azilinganishe, aone umesogea kiasi gani.

Zaina naye akaweka sharti lake ndipo akubali kupigwa. Ukiwa umesogea kidogo tu, anakwenda Kinole kwa bibi yake kuchuma pilipili manga. Mimi nilikuwa nimemkataza huko. Njia za mlimani zinateleza, na miguu yake siiamini tena.

Nikakubali shingo upande, na jana alfajiri nikamfunga kiunoni hirizi aliyoshona bibi yake. Hakubisha.

Mlangoni kwa mashine, dada wa pale alimuuliza kama ana chuma chochote mwilini. Zaina akasema hana. Ameshainua mguu aingie, ndipo nikakumbuka mama yangu hutia nini ndani ya hirizi zake.

"Sindano!" nilipiga ukelele. "Hirizi ina sindano!"

Yule dada akashika kichwa. "Mama yangu, humo ni sumaku tupu!"

Zaina alicheka mpaka akakaa chini. "Mimi ni fundi cherehani, mama, lakini kushonwa mwenyewe sijaomba."

Nikabaki nje, hirizi kiganjani, nasikiliza mashine ikigonga kama vinu vya shughuli ya harusi. Nilisinzia huku macho yako wazi. Nikamwona baba yake anashuka mlimani na mkungu wa ndizi kichwani, amenyooka, hayumbi. Nilitaka kumwita. Mashine ikanyamaza.

Leo tukaitwa kupokea majibu. Daktari ni kijana, aliniamkia vizuri kabisa, shikamoo mama. Akaziweka picha zote mbili kwenye kioo cha kompyuta. Mimi niliona kungumanga iliyokatwa katikati, na mistari yake yote. Akaweka kidole pale katikati, panapoongoza mwendo wa mtu.

Pamepungua.

"Umesogea, mama," alisema, "ila kidogo. Unakwenda polepole." Dawa ya kuusimamisha hakuna, ipo ya kutuliza hiyo mikono, na mwakani tutapiga tena.

Kidogo. Mimi nilikuwa nimeomba usiku na mchana nisikie haujasogea hata chembe. Machozi yakanitoka palepale. Nikageuka kumtazama Zaina, uso unamwaka kama mtoto wa Idi.

"Umesikia, mama? Kidogo!"

Nikafuta machozi kwa kanga. Alitimiza lake, akaingia kwenye mashine peke yake.

Kesho, Mungu akipenda, tunapanda Kinole. Atatangulia yeye. Mimi nitamfuata nyuma, mikono nimeificha ndani ya kanga, isije ikamshika kabla hajayumba.

Hirizi nimejifunga mimi.