Radi ya Chepsaita

Dada Akinyi mpendwa,

Nakusalimu kutoka Eldoret. Niko mzima.

Nilitumwa kwenye kituo cha utafiti wa mahindi kule Chepsaita, nipime kama kuwatoa wafanyakazi shambani mapema kunapunguza ajali za radi. Niliingiza rekodi zao zote za ajali kwenye kompyuta. Modeli ya takwimu niliyoiunda haisemi radi itapiga siku gani. Ilionyesha tu kwamba hatari inapanda sana kuanzia saa nane mchana.

Jana saa nane kasoro robo, nilipomwomba Mama Jepkosgei, msimamizi wa wapaliliaji, awatoe watu shambani, alinicheka. "Jua kali hivi? Hiyo kompyuta yako imewahi kunyeshewa?" Hata hivyo akawaita wote kumi na wanne, tukaingia stoo kunywa chai.

Vikombe havijaisha, mbingu ikawa nyeusi, na radi ikapiga shambani hadi mabati yakalia. Mvua ilipokatika tukatoka. Palepale walipokuwa wakipalilia, mahindi yalikuwa yamelala chini kwa duara, yameungua.

Mama Jepkosgei akaanza kuwahesabu watu wake, akimgusa kila mmoja begani. Alipofika kumi na wanne akanigusa na mimi. "Na wewe, mwalimu wangu."

Siku moja si ushahidi, najua. Lakini miaka yote nimehesabu walioumia, Dada. Jana nilisimama katikati ya waliopona.

Wabusu watoto, nawe ule samaki kwa niaba yangu.

Ndugu yako,
Ouma