Mkojo wa Shemeji Yako Umeongoza

Shosti, uko wapi? Nimecheka mpaka mbavu zinauma!

Si unajua shemeji yako ndiye anayekusanya mikojo ya wachimba madini, wapimwe ile sumu ya aseniki? Na anavyowafokea! "Chupa kwenye barafu haraka, ikipata joto hii sumu inageuka! Na samaki na vyote vya baharini marufuku wiki nzima!"

Leo akaweka na wake, eti uwe mfano wa mkojo safi.

Shosti, wake ndio umeongoza kwa sumu! WAKE!

Kaja nyumbani mbio, jasho linamtiririka, anaitazama sufuria yangu. "Mke wangu, huwa unanipikia nini?"

Mimi?! Mimi nimlishe sumu?

Mara simu ikaita, bosi wake. Kwa kiwewe akabonyeza spika. "Tulia, bwana. Tumeichambua vizuri, ni aseniki ya vyakula vya baharini tu, haidhuru. Jana ulikula nini?"

Anatazama dari.

"Kamba wa kukaanga... kwa mama."

KWA MAMA YAKE! Na mimi kila jioni naambiwa, "Sina hamu ya kula, mke wangu, kazi imenichosha."

Mwosha naye huoshwa! Sasa hivi yuko jikoni anasugua masufuria bila kuambiwa.

Na kuanzia kesho, kabla hajaniambia hana hamu, kwanza chupa.