Aliyeanzisha Wimbo

Nyambura wangu,

Natumaini barua hii itakukuta umekula chakula, si chai tu. Sisi hapa Ngoliba tuko salama. Mvua imenyesha kidogo, mbaazi zimeshika, na babu yako bado anabishana na redio.

Unaniuliza umfanye nini mwenzako wa kazi hapo Ruiru aliyekuchafulia jina, maana sasa umepata nafasi ya kumlipiza. Mimi pia niliwahi kupata nafasi kama hiyo.

Nilipokuwa msichana Thika, Wairimu, tuliyeimba naye kwaya, alieneza kanisani kwamba wokovu wangu ni wa Jumapili tu. Iliniuma. Kisha akapewa ubeti wa kuimba peke yake. Hatukuwa na kinanda, na mimi ndiye niliyekuwa naanzisha nyimbo. Ningeanza juu kidogo tu, sauti yake ingepasuka mbele ya kanisa lote, na watu wangedhani ni yeye hawezi.

Nilimwomba Mungu nikiwa nimekasirika vile vile. Nikafungua mdomo, nikaanza chini, pale sauti yake inapokaa vizuri. Wairimu akanigeukia kwa mshangao. Alikuwa anangoja nianze juu. Alijuaje? Sikuwahi kumuuliza.

Kitu kingine kinanishangaza mpaka leo. Hasira haikunitoka siku ile. Ilisimama kwenye kwaya kama sisi wengine, ila si hasira iliyoanzisha wimbo.

Niandikie. Nataka sana kujua hasira yako itafanya nini.

Bibi yako, Cucu