Kinga Isiyo na Breki

Jumapili, saa kumi. Mvua imeshika Kibabi tangu misa iishe, na mimi nina hasira tangu jana.

Sitaficha: leo ninamchukia prezida wa vijana wetu. Jina lake sitaki hata kuliandika. Hapa atakuwa Prezida tu.

Ni miezi sasa ninafundisha vijana wa parokia kuendesha baiskeli, hizi tunazoita kinga. Shika upande wa kuume. Bonyeza breki ya nyuma kwanza. Nyoosha mkono kabla ya kukata kona. Na ukiona huwezi kusimama, toka barabarani, hata kama ni kuingia mferejini. Wananicheka, maana kila Jumamosi ninarudia yaleyale.

Jana wageni walitoka Masisi kuja kutuangalia. Prezida akataka wawaone vijana wakishuka mtelemko wa shule. Asubuhi nilikuwa nimekagua kinga zote sita. Ile ya bluu ilikuwa imekatika nyaya zote mbili za breki, nikaiegemeza ukutani isiguswe.

Yeye akaenda kuichukua.

"Hiyo haisimame," nikamwambia.

"Dada Esther, wacha mambo mingi. Wageni iko wanangoja. Ni mutelemuko moja tu."

Akampa Neema. Ana miaka kumi na sita, na hakuna anayenisikiliza darasani kama yeye.

Nikanyamaza.

Wageni walikuwa wananitazama, nikaona haya kugombana mbele yao. Hiyo tu. Haya.

Kwenye kona, motari alikuwa anapanda na pikipiki iliyobeba mabidoni ya maziwa. Neema akabonyeza breki, hakuna kitu. Hakupiga kelele, hakumwelekea motari. Alikata akaingia mferejini, kwenye mawe. Mkono wake wa kushoto umevunjika mahali pawili. Motari hakuguswa, wala maziwa yake hayakumwagika.

Leo baada ya misa Prezida akasimama mbele yetu wote, ameshika mikono nyuma kama mkaguzi wa shule.

"Neema njo alipata woga. Wasichana hawajue kushuka na kinga."

Nikajikuta nimesimama.

"Muongo! Ile kinga haikukuwa na breki, na nilikuambia. Neema hakupata woga. Alifanya vile nilimufundisha, njo maana iko muzima!"

Akainamisha kichwa. Hakuomba msamaha. Nakiri, nilifurahi kumwona vile. Nilitaka ainame zaidi.

Kisha mama yake Neema akazungumza kutoka benchi la nyuma, bila kupandisha sauti.

"Na wewe, dada, ulijua?"

"Ndiyo, mama."

"Ukajua, na ukaacha mutoto wangu anapanda?"

Alijifunika kitenge kichwani akatoka, watu wakimpisha. Prezida alinitazama, akatabasamu. Tabasamu lile ndilo lililonitoa machozi, si kitu kingine.

Kinga zote sita nimezivuta hadi kwangu, nimezifungia jikoni. Prezida akizitaka aje, tugombane mbele ya wageni wowote atakaowaleta.

Kesho nitaenda kwao Neema. Mama yake akinifukuza, nitarudi keshokutwa.